Barua ya wazi kwa wakuu wa miji: tulipeni kwa mti uliopona

Kwa Waziri wa Kampala na Masuala ya Jiji. Mkurugenzi Mtendaji wa KCCA, mamlaka ya Jiji la Kampala. Wakuu wa NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa. Wizara ya Maji na Mazingira. Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Wizara ya Fedha. Pamoja na mameya na makarani wa miji ya Entebbe, Kira, Nansana, Makindye-Ssabagabo na Mukono.

Waheshimiwa, salaam.

Mwezi ambao simu zetu sisi watu wa bustani hulia kuliko miezi yote ni Juni. Mtu wa nje angedhani ni kwa ajili ya mvua, kumbe mvua ndiyo inakatika. Simu zinalia kwa sababu mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa tarehe 30, na kila ofisi iliyobakiza hela kwenye fungu la kupendezesha mji inataka kuzimaliza kabla hazijarudi Hazina. Miche ya kivuli inatakiwa wiki hii hii. Nyasi za kutandaza zinatakiwa kesho. Maua ya mzunguko wa barabara yawe yameshachanua, maana mkubwa fulani atapita Ijumaa. Basi tunapanda. Julai ardhi inakuwa ngumu, hakuna aliyepangiwa kumwagilia, na Septemba mvua za uhakika zikirudi zinakuta vijiti.

Kwenye ripoti, kazi imefanyika. Miche imenunuliwa, mashimo yamechimbwa, picha imepigwa, mkandarasi amelipwa au ameahidiwa kulipwa. Fomu haina safu ya kuandika kama mti bado upo. Naomba safu hiyo iongezwe, na malipo yetu yafungwe nayo. Karibu yote nitakayosema humu yanatoka hapo.

Mimi nina kitalu kando ya Northern Bypass, barabara ya mchepuko ya Kampala, na nina vijana wanaotunza bustani za watu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Baraza la Mawaziri lilikikubali kuwa lugha rasmi Julai 2022, na kwa sababu ndicho kinachotumika kitaluni: mmoja katoka Arua, mwingine Busia, mwingine Moroto, na Luganda ya kila mmoja wao ina kasoro zake, yangu ikiwemo.

Tangu 2020 kazi hii imepigwa mara tatu mfululizo. Machi 2020 harusi na mikutano vilisimamishwa, hoteli zikafunga milango, shule nazo zikakaa kimya mpaka Januari 2022. Mwenye bustani ya kukodisha kwa sherehe hakuwa na sababu ya kumlipa mkata nyasi. Tulipoanza kuinuka, 2022 petroli ikavuka shilingi 6,000 kwa lita, na mashine ya kukatia nyasi hunywa petroli, lori la samadi hunywa dizeli. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake. Wengi wanalijua hilo kama habari ya dawa na kliniki, na ni kweli ndiko kulikouma zaidi. Sisi tuliliona kwa upande mwingine. Ofisi za mashirika pale Kololo, Naguru, Bugolobi na Muyenga ndizo zilizokuwa na nyua kubwa na zilizolipa kila mwezi bila kukumbushwa. Shirika likipunguza watu, dereva husubirishwa, mpishi husubirishwa, lakini mtu wa maua huambiwa siku hiyo hiyo asije tena.

Tumejifunza kujibana. Maua ya msimu mmoja, yale ya kung'olewa na kupandwa upya kila baada ya miezi mitatu, wengi wetu tumeyaacha na kurudia mimea ya kudumu inayogawanyika yenyewe. Fyekeo limerudi mahali pa mashine kwenye viwanja vidogo. Badala ya bustani nzima tunauza kupogoa, kutibu nyasi zilizodhoofika, kuhamisha mmea kutoka mahali ulipokosewa. Na tuliobaki hai kibiashara, nikitazama pande zote, ni wale wenye mkataba wa kutunza, hata kama ni wa hela kidogo. Waliotegemea kazi ya kupanda tu, wapande, walipwe, waondoke, wamerudi kijijini au wamenunua bodaboda.

Sasa mteja mkubwa aliyebaki ni ninyi. Barabara, shule, hospitali, ofisi za wilaya, viwanja vya michezo: mnaponunua bustani, namna mnavyonunua ndiyo inayoamua ni mtu wa aina gani atakayedumu katika kazi hii. Kwa sasa mnanunua shimo na picha, kwa hiyo soko linawaletea hodari wa mashimo na picha.

Hali ya hewa nayo haitusubiri. Kampala tuna mvua za Machi hadi Mei na za Septemba kwenda Desemba. Zamani fundi wa bustani angeweza kupanda kwa kutazama kalenda. Siku hizi mvua huchelewa, ikifika humwaga kwa saa mbili kiasi cha wiki nzima, kisha mvua inakatika tena. Mche uliotoka kwenye kiriba, yaani kifuko cha plastiki cha kuoteshea, una mizizi isiyozidi ukubwa wa kiriba chenyewe. Ukipandwa mvua inapoanza, una miezi miwili au mitatu ya kutuma mizizi chini kabla kiangazi hakijauonja. Ukipandwa Juni unaishi kwa jerikeni. Jerikeni moja ya lita 20 kwa wiki, kwa kila mti, mpaka mvua zishike. Hebu mtu aketi na karatasi afanye hesabu ya miti mia tano kwenye kisiwa cha katikati ya barabara, ambako hakuna bomba wala tangi, na msimamizi wa mradi anasema maji hayamo kwenye bajeti.

Mji huu una kumbukumbu ya kupambwa kwa pupa. Kabla ya mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Madola wa Novemba 2007 barabara ya Entebbe na katikati ya jiji vilitandazwa nyasi na maua kwa haraka. Januari 2024 wageni wa Vuguvugu la Nchi Zisizofungamana na wale wa Kundi la 77 walikuja Munyonyo wakati wa jua kali. Na sasa Uganda imepewa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 pamoja na Kenya na Tanzania. Uwanja wa Namboole utahitaji kivuli, ule wa Hoima utahitaji kivuli, na njia za kwenda huko pia. Mti wa kivuli haununuliwi wiki mbili kabla ya mechi. Ukiupata mkubwa utaulipia bei ya ng'ombe, na una nafasi kubwa ya kufa kwa sababu nusu ya mizizi yake imebaki kwenye shimo la zamani.

Kwa hiyo pendekezo lenyewe. Mkataba wa kupanda uwe pia mkataba wa kutunza kwa muda usiopungua misimu miwili ya mvua na kiangazi kimoja katikati. Mkandarasi alipwe asilimia 40 akishapanda, asilimia 30 kiangazi cha kwanza kikipita, na asilimia 30 mwishoni, kwa kila mti uliohesabiwa ukiwa hai. Kuhesabu hakuhitaji mtaalamu kutoka nje. Afisa wa divisheni na simu yake ya mkononi anatosha: picha, mahali, tarehe. Hakuna haja ya kutunga kanuni ya kukataza kupanda Juni. Mtu anayelipwa kwa kilichopona hatakubali kupanda Juni, hata umbembeleze.

Najua jibu litakalotoka ofisi ya manunuzi: wakandarasi wadogo hawataweza kungoja malipo. Ni kweli, ikiwa malipo yenyewe yatachelewa kama yanavyochelewa sasa. Niliwahi kufanya kazi kwa ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Nyasi zilikatwa mara nyingi kabla hati yangu ya madai haijatoka meza ya kwanza kwenda ya pili. Wakati huo benki haingoji. Mkopo wa biashara wa shilingi unazunguka kwenye riba ya asilimia 18 na zaidi kwa mwaka. Milioni 20 ulizokopa kununua miche zinakudai milioni 3.6 juu yake, na hata malipo yakifika, asilimia 6 ya kodi ya zuio imeshakatwa. Faida ya bustani mara nyingi ni ndogo kuliko hapo. Lakini awamu tatu zinazolipwa kwa siku zilizoandikwa ni bora kwetu kuliko malipo ya mara moja yasiyojulikana siku yake. Ningechagua awamu tatu leo hii.

Haki inataka pia mambo mawili. Mti ukigongwa na gari, au ukang'olewa na watu wa kuchimba njia ya kebo, hasara isiwe ya mtunza bustani. (Ni mara ngapi tumepanda Jumatatu, Alhamisi akaja fundi na barua kutoka ofisi nyingine ya Serikali hiyo hiyo na sururu mkononi?) Na zabuni igawanywe kwa mitaa au kwa vipande vya barabara. Sheria ya manunuzi ya umma tayari inaruhusu kutenga kazi kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na hakuna kazi inayowafaa zaidi ya kutunza kipande cha barabara wanachopita kila siku. Ukiweka jiji zima kwenye zabuni moja, unaipata kampuni ya mfukoni yenye mhuri mzuri, kisha inatuita sisi kwa theluthi ya bei.

Kuhusu maji ya kumwagilia, si lazima yawe ya kunywa. Shirika la Maji na Majitaka lina mtambo wa kusafisha majitaka pale Bugolobi, na yaliyosafishwa hurudishwa kwenye mkondo kuelekea ziwani. Tupangiwe mahali pa kuchotea kwa magari ya tangi, kwa bei nafuu, na vipimo vya usalama vibandikwe hapo hapo. Kwa miti ya barabara na nyasi ambazo hakuna anayezila, maji hayo yanatosha kabisa. Tukiacha maji ya bomba yaende jikoni kwa watu wakati wa kiangazi, hata majirani watatuvumilia.

Jambo la pili linalonikosesha usingizi ni pevaz, vile vitofali vya saruji vinavyotandazwa uani. Ninavijua vizuri kwa sababu nami huombwa kuvitandaza, na nisipokubali mteja anampigia mwingine. Hali ya uchumi ndiyo inayovisukuma. Mwenye nyumba anapiga hesabu: nyasi zinataka mkataji kila mwezi, pevaz zinataka ufagio. Nani wa kumlaumu?

Lakini tazameni kiwanja cha kawaida cha Kampala, futi 50 kwa 100. Hiyo ni takriban mita za mraba 464. Mvua ya milimita 40 ikishuka jioni moja, na mvua kama hiyo si ya ajabu tena, kiwanja hicho kinapokea zaidi ya lita 18,500. Kikiwa kimezibwa chote kwa bati na saruji, karibu maji yote yanatoka getini, yanaingia mtaroni, yanakutana na ya jirani. Zidisheni kwa mtaa mzima wa Ntinda au Naalya. Anayeyapokea ni mtu wa bondeni: wa Bwaise, wa Kalerwe, wa kando ya mfereji wa Nakivubo, ambaye hajawahi kutandaza pevaz hata moja. Tunajenga mitaro mipana zaidi kila mwaka huku juu mlimani tunapunguza ardhi inayokunywa.

Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inataka jengo lipate kibali cha kukaliwa kabla watu hawajaingia. Wekeni sharti hapo. Kabla ya kibali, mkaguzi aone sehemu ya kiwanja iliyoachwa wazi, au aone mbadala wake: pevaz zenye matundu ya kuotesha nyasi, shimo la kuzamisha maji ardhini lililojazwa mawe, au bonde dogo la mimea inayovumilia kufurika siku moja na kukauka wiki mbili. Hivi vyote tunajua kuvitengeneza. Wateja hawaviombi kwa sababu hakuna anayewauliza.

Kwa majengo yaliyokwisha kujengwa, tumieni punguzo la kodi ya majengo. Nyumba anayokaa mwenyewe imesamehewa kodi hiyo, kwa hiyo punguzo halitamgusa mtu wa kawaida. Litawagusa wenye maduka makubwa, maghorofa ya kupangisha na maghala, ambao ndio wenye maeneo makubwa yaliyozibwa. Mwenye ghala anayevuna maji ya bati lake au anayebomoa sehemu ya saruji apunguziwe. Kampala hupata zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa mwaka. Bati la mita za mraba 100 linapokea lita 120,000, na hata ukipoteza moja ya tano, zilizobaki zinamwagilia bustani kiangazi chote, mradi mtu awe na pa kuziweka. Kuna kazi ya mafundi wengi hapo, na haihitaji shilingi ya Serikali. Inahitaji kodi kidogo isiyokusanywa.

Ziwa nalo limetufunza. Mei 2020 Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja na kuvuka rekodi ya 1964 iliyokuwa mita 13.41. Bustani za ufukweni Entebbe, Ggaba na Munyonyo zilikaa ndani ya maji mpaka nyasi zikaoza. Maji yalipopungua, baadhi ya wenye hoteli walitaka nyasi zile zile pale pale. Eneo la mita 200 kutoka ziwani limewekewa ulinzi na kanuni tangu 2000. Likisimamiwa bila kuchagua nani ana jina na nani hana, sisi tutapata kazi ya kurudisha mafunjo na miti ya kando ya maji, na wenye hoteli hawatalipia nyasi mara mbili.

Nije kwenye vitalu. Vingi viko kwenye hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyoachwa wazi kando ya barabara, na hilo si siri. Mteja hununua mche akiwa garini. Ukimpeleka kitaluni kwenye kichochoro hafiki. Kila barabara inapopata msimamizi mpya, kama ilivyokuwa Mamlaka ya Barabara ilipovunjwa na kazi zake kurudishwa wizarani, ruhusa tuliyopewa kwa mdomo inakufa nayo. Anakuja afisa mpya, na rangi nyekundu, na siku tatu za kuondoka.

Tunachoomba ni kibali cha maandishi cha mwaka mmoja mmoja. Masharti yawe magumu ipasavyo: hakuna jengo la kudumu, mtaro ubaki wazi, madereva waone kona, ada ilipwe, na barabara ikipanuliwa tuondoke bila kudai fidia. Hatuna tofali la kubomolewa. Lakini tupewe notisi inayotosha kuhamisha miche, maana mche ukitupwa juu ya lori kwa siku moja ya jua haurudi tena. Kwa ada hiyo hiyo tutawafyekea hifadhi na kuizuia isiwe jalala, kazi ambayo sasa mnailipia au haifanyiki.

Walio ndani ya ardhi oevu wao ni habari nyingine. Watu waliondolewa Lubigi 2024, na wengi katika kazi yetu walikasirika. Mimi naona NEMA ina haki juu ya ardhi oevu, hata kama namna ya kuondoa watu inaumiza. Anayeuza miti huku amefukia bwawa hana la kusema. Shida yangu ni pale mwenye kitalu anapofukuzwa asubuhi na mwenye ghala akaachwa mchana.

Na sisi wenyewe tunayo ya kurekebisha, ambayo mengine hata nyaraka zenu zinayachochea. Makadirio ya kazi mara nyingi yanataja udongo mweusi kwa kina cha sentimita kadhaa. Udongo mweusi unatoka wapi? Mwingi unachimbwa kwenye hizo hizo ardhi oevu usiku na kuletwa kwa lori. Futeni neno hilo kwenye zabuni, wekeni mboji. Malighafi tunayo kupita kiasi. Sehemu kubwa ya taka za Kampala ni mabaki ya chakula na majani, na tuliona Kiteezi tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa taka unaweza kufanya nini: ulianguka juu ya nyumba na watu zaidi ya 30 wakafa. NEMA iliwahi kusimamia mitambo ya mboji katika manispaa kadhaa, Mukono, Jinja na Mbarara zikiwemo. Lubigi kuna mtambo wa kutibu tope la vyoo, na wakulima hununua tope likishakauka. Kila divisheni kati ya tano za Kampala itenge kiwanja kimoja ambako watu wa bustani watamwaga nyasi na matawi bila kulipa, na kununua mboji wakirudi. Leo tunalipa kuzitupa, tunalipa tena kununua udongo. Mnunuzi wa kwanza wa mboji hiyo awe Serikali yenyewe, la sivyo mitambo itasimama kwa kukosa soko.

Viriba navyo vinahitaji neno moja. Sheria ya Mazingira ya 2019 inakataza mifuko ya plastiki iliyo chini ya mikroni 30, na kila msako wa kaveera, yaani mifuko hiyo, unapopita, wenye vitalu hawajui kama viriba vyao vimo au havimo. Toeni maelezo ya ukurasa mmoja, kwa lugha tunazosoma.

Toeni pia orodha ya mimea ya mapambo isiyotakiwa, na ibandikwe kwenye kila kitalu kama leseni inavyobandikwa. Magugu maji yaliletwa Afrika kutoka Amerika Kusini kwa ajili ya ua lake zuri. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yakaonekana kwenye maziwa yetu, na wavuvi wanajua yaliyofuata. Huko Budongo, Senna spectabilis, mti wenye maua ya manjano ambao mteja yeyote angeupenda langoni, umeingia msituni na kusukuma miti ya asili. Ninaujua uzuri wake na ninajua bei yake. Mkiukataza, katazeni kwa wote siku moja, ili mwaminifu asipoteze mteja kwa jirani yake.

Mahali pake tuna miti ya nyumbani isiyohitaji kubembelezwa: musizi unaokua haraka, musambya wenye maua ya manjano pia, kifabakazi, na mutuba unaopandwa kwa gogo la tawi tu ukashika. Mvule nao, kwenye viwanja vipana, kwa mwenye subira. Kituo cha Taifa cha Mbegu za Miti kiko Namanve, na Bustani ya Mimea ya Entebbe ipo tangu 1898 na miti mama yake. Tuzidishiwe mbegu za miti ya kivuli cha mjini kwa bei ya mtu wa kitalu, na zabuni za barabara ziitaje kwa majina. Kwa sasa zinataja minazi ya mapambo, ambayo kivuli chake hakimtoshi hata muuza ndizi mmoja.

Sehemu moja ya kazi yetu imekua wakati kila kitu kinasinyaa, nayo ni bustani za chakula. Watu waliokataa maua wanakubali mboga za nakati na dodo kwenye magunia, parachichi la kupandikizwa kwenye kona, sukuma kando ya ukuta. KCCA ina kituo Kyanja kinachofundisha kilimo cha mjini, na ni kizuri. Wafungulieni mlango watunza bustani wa majumbani, wale wanaoitwa shamba boy hata wakiwa na mvi, wapate mafunzo ya siku chache na cheti. Kijana anayejua kupandikiza, kutengeneza mboji na kufunga bomba la matone, mwajiri wake hatamwondoa haraka.

Najua hakuna kati yenu anayeweza kufanya yote haya peke yake, na huo ndio ugonjwa wenyewe: barabara ya huyu, mtaro wa yule, mti wa mwingine, fedha za wa nne. Ndiyo maana nimeweka jambo moja mbele. Malipo kwa mti ulio hai hayahitaji sheria mpya. Yanahitaji kifungu kwenye mkataba, fungu la kutunza lenye jina lake kwenye bajeti, na ruhusa ya Wizara ya Fedha kwamba fungu hilo livuke tarehe 30 Juni kama mkataba wa miaka miwili, lisirudishwe Hazina katikati ya kiangazi.

Kitabu cha mfumo wa bajeti hufikishwa Bungeni kabla ya tarehe 31 Desemba. Kati ya sasa na siku hiyo, Wizara ya Fedha iite kikao kimoja cha KCCA, manispaa hizi na Wizara ya Ujenzi, wachague barabara moja kila mmoja, na waandike mikataba ya majaribio itakayoanza kupandwa mvua za Machi. Wenye vitalu tutakuja tukiitwa, tukiwa na bei za miche, bei za maji na majina ya miti. Wakaguzi nao waje, tuwaonyeshe miti iliyopandwa Juni iliyopita.

Wenu katika kazi,
Mwenye kitalu, Northern Bypass, Kampala